Risala kwa mgeni rasmi, siku ya kumaliza kozi, Busia, Uganda

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa LC5, yaani wa baraza la wilaya, mama karibu sana, wazee wetu, masheikh, mapasta, sista wa wodi, na nyinyi ndugu mliokuja na watu wenu, hamjambo.

Mama, leo wenzetu wanamaliza kozi ya kuishi na ugonjwa wa akili, na waliowafundisha si madaktari, ni watu ambao wenyewe waliugua akili, wengine wamelala Butabika kule Kampala, ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza 1955, na wengine walifikishwa huko kwa pikapu mikono imefungwa kamba. Hapa mtu akitaka kukutukana anasema wewe ni wa Butabika. Sisi tunaitika tu.

Somo linalojaza chumba ni la dawa. Daktari anakwambia meza asubuhi na jioni, sawa, ila foleni ni ndefu hana muda wa kukuelezea kwamba haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, inaweza kukukaza shingo mpaka uso umegeukia dirishani na ulimi mzito, we unadhani umerogwa upya, unatupa dawa chooni halafu baada ya muda unarudi kulekule. Mwalimu wetu ilishamkaza, anasimama mbele anaonyesha shingo ilivyokaa, watu wanacheka wee, halafu anawaambia usitupe, rudi kliniki uwaambie, wanaweza kupunguza au wakakupa Artane ya kulegeza. Hayo maneno kutoka kwake yanaingia, juu yamempata.

Halafu kuna daftari. Kila mtu anaandika dalili zake za kurudiwa, na hazifanani: kuna anayeamka saa tisa usiku kufua nguo za nyumba nzima, kuna anayeanza kugawa hela kwa kila mtu. Anaandika pia nani apigiwe simu, nani abaki na watoto, nani ashike pesa za duka. Bwana mmoja alikataa kusaini la mkewe, ati ni kuitabiria mabaya nyumba, sasa mke akikosa usingizi yeye ndo wa kwanza kuuliza daftari liko wapi.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyoondoa ile ya wakoloni ya 1938, nayo tunaisoma, polepole maana kizungu chake kigumu. Na hatumkatazi mtu kuombewa, ila dawa amezeshwe.

Sasa maombi yetu mama. Walimu hawa wanatoka mbali kwa boda na nauli ni yao, tunaomba wilaya iwatambue kwenye vituo vya afya kama VHT, wale wahudumu wa afya wa vijijini, wanavyotambuliwa, wapewe angalau nauli. Tunasomea barazani, mvua ikinyesha ndo mwisho wa kipindi, kwa hiyo chumba kimoja tu tungeshukuru. La dawa ndo zito zaidi: kuna kituo, hatukitaji, ziliisha tukaambiwa twende tukanunue famasi, na wengi wetu famasi hatuiwezi. Tunaomba ulifuatilie wewe mwenyewe, ukimtuma mtu litaishia njiani.

Na wenzetu wa redio, msipige picha za wanafunzi bila kuwauliza, kuna wenye kazi ambao bosi hajui.

Vyeti viko hapo mezani mama, tunaomba uanze na wale wa mstari wa nyuma, wamekaa juani.

Ni sisi, walimu na wanafunzi wa kikundi.