Kabla hamjachanga fedha za lambo lingine

Makueni

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote wazima, na mama anakusalimu sana. Barua yako imenikaa moyoni, hasa pale uliposema lambo lenu limekauka tena na kamati ya kijiji inataka michango ya kuchimba jingine. Nakuomba, kabla hamjatoa hata shilingi, shukeni kwanza mkalitazame lile korongo la chini ya shule.

Maji ya lambo yako wazi. Jua la Dodoma linayamaliza, tope linajaa, mbu wanazaliana, na ng'ombe wanaingia humo humo mnamochota. Huku Ukambani tunayahifadhi ndani ya mchanga. Tunakinga mto wa msimu kwa ukuta wa mawe na saruji. Mvua ikinyesha, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, mchanga umefika ukingoni mwa ukuta, na maji yaliyomo yanaweza kuwa robo ya ujazo wake, hata zaidi. Yakishuka kama sentimita 60 chini, jua haliyapati tena kwa urahisi.

Ungekuja Septemba ungedhani mto umekufa. Lakini punda wamepanga foleni na mitungi, na kina mama wanafukua. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko unaona mchanga umebadilika rangi. Ukingoja kidogo, maji yanachuruzika kutoka pembeni. Kata za kwanza unamwaga, kisha yanakuja maangavu na ya baridi. Mifugo ina mashimo yake, mbali upande wa chini.

Mawe, mchanga na nguvu ni vyetu wenyewe, kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani. Fedha zinakwenda kwenye saruji, nondo na fundi. Marehemu Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, Machakos, mwaka 1978, na vikundi vingi vimejifunza kwao kujenga kuta kama hizi. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba ni kazi ya wenye mitambo tu.

Sasa kuhusu korongo lenu. Waulizeni bibi zenu ni wapi walikuwa wakipata maji mchangani hata mwisho wa kiangazi. Hapo huenda kuna mwamba chini unaoyazuia, na ukuta lazima ukae juu ya mwamba, la sivyo maji yatapenya chini yake. Angalieni pia mikuyu imeota wapi. Kisha chukua kopo, ulijaze mchanga mkavu, umimine maji uliyoyapima mpaka yafike juu. Yakiingia mengi na upesi, mchanga unafaa. Ukikuta ni vumbi laini na udongo wa mfinyanzi, acheni, hapo ukuta utakusanya tope tu. Na mwambieni fundi mabawa ya ukuta yaingie ndani kabisa ya kingo zote mbili. Mto ukipata upenyo utazunguka pembeni na kuuacha ukuta umesimama pakavu.

Kuna jambo linaloniuma, nawe ulijue mapema. Malori ya mchanga. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa mito yetu, na mchanga ukiondoka, maji yanaondoka nao. Kaunti yetu ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, lakini walinzi wa kweli ni wanakijiji wanaoishi kando ya mto. Wekeni sheria ndogo ya kijiji kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Mashambani juu ya korongo chimbeni fanya juu: mtaro unafuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, na juu ya tuta mnapanda mabingobingo. Maji ya mvua yanazama shambani, udongo unabaki, na ng'ombe wanapata majani.

Mvua zenu zinaanza karibu na Desemba, kwa hiyo muda si mwingi. Niandikie mara mkishachimba shimo la majaribio: mwamba uko kina gani, na korongo lina upana wa hatua ngapi. Nitampelekea fundi wetu vipimo hivyo, atukadirie mifuko ya saruji.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi dadako akupendaye.