Salamu za Pasaka: Nani Atatuvingirishia Lile Jiwe?

Wapendwa, Kristo amefufuka!

Tunawasalimu nyote mnaoiadhimisha Pasaka, na zaidi wewe uliyeifikia sikukuu na jambo lililogoma kabisa: ugonjwa usiosikia dawa, deni lisilopungua, mtoto anayeombewa mwaka wa ngapi sijui.

Marko ana habari fupi ambayo huwa tunaipita haraka. Maria Magdalene, Maria mama yake Yakobo na Salome walinunua manukato Sabato ilipokwisha, yaani Jumamosi jua likishatua. Alfajiri wakashika njia kwenda kaburini kwa Yesu, na huko njiani wakawa wanaulizana: nani atatuvingirishia lile jiwe? Lilikuwa kubwa mno. Mathayo anaongeza kwamba lilitiwa muhuri na kuwekewa walinzi. Jibu hawakuwa nalo, lakini hawakugeuka. Manukato mkononi, swali mdomoni, wakaendelea kutembea. Walipoinua macho, jiwe limekwisha kuvingirishwa.

Wengi wetu tunasubiri jiwe liondoke kwanza ndipo tununue manukato. Wengine wanalisukuma kwa mabega yao mpaka wanaishiwa hata nguvu za kuomba. Bethania, katika Yohana 11, kazi ziligawanywa waziwazi. Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Kuondoa jiwe waliambiwa watu. Kumwita aliyekufa atoke ilikuwa kazi ya Yesu peke yake. Kumfungua sanda, watu tena.

Basi wiki hii fanya kama mfalme Hezekia, aliyeupokea waraka wa vitisho kutoka Ashuru, akapanda nao hekaluni na kuukunjua mbele za Bwana. Chukua karatasi. Andika jambo lako lilivyo, bila kulipamba: deni ni kiasi gani, daktari alisema nini hasa. Usiogope kwamba ukitaja ukweli imani itapungua. Abrahamu aliufikiri mwili wake wa miaka ipatayo 100, na bado akaamini. Chini yake piga mstari. Upande mmoja andika yale usiyoyaweza kamwe, upande wa pili andika jambo moja tu la kufanya kesho kabla ya saa sita mchana: simu ya kumpigia unayepaswa kumwomba msamaha, fomu ya kujaza, kliniki ya kwenda. Ikunjue karatasi, uombe ukiitazama, kila upande kwa jina lake. Upande wa kwanza usirudi kuuchukua usiku.

Dawa nayo ni manukato. Usiache dozi kwa sababu umeombewa. Na usimpangie Mungu tarehe, kwa maana tarehe ikipita utadhani ameshindwa, kumbe kilichoshindwa ni kalenda yako. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Babeli walikiri kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza papo hapo kwamba hata asipowaokoa, sanamu hawataiabudu. Imani ya namna hiyo haitegemei matokeo ya Ijumaa.

Kama kwako ni Jumamosi bado, kaburi limefungwa na mbingu ziko kimya, hatukuharakishi. Kaa na wenzako. Hata wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu, milango imekomewa, na Yesu akaja akasimama katikati yao akisema, “Amani iwe kwenu.”

Amani hiyo iwe nyumbani kwako. Pasaka njema.