Televisheni isiinyime sataranji kimya chake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyoshauri kwamba, ili sataranji ya mashindano ipendeze kwenye televisheni, kila mchezaji apewe dakika chache tu, avalishwe kipima mapigo ya moyo, na akisitasita saa imwangushe. Mwandishi ana hoja. Pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 2018 mjini London, kati ya Magnus Carlsen na Fabiano Caruana, lilikuwa na michezo 12 na yote 12 ilikwisha sare. Bingwa alipatikana siku ya mwisho kwa michezo ya kasi, Carlsen akishinda mitatu mfululizo. Mwenye kituo cha televisheni akitazama hayo ana haki ya kuguna.

Hata hivyo, mimi nafundisha sataranji, na kwa nionavyo mtazamaji hachoshwi na urefu wa mchezo. Anachoshwa na kutojua mtu yule aliyeinamisha kichwa dakika arobaini anawaza nini. Ukimpunguzia mchezaji muda, mtazamaji hatajua zaidi. Ataona mikono ikienda mbio, basi.

BBC walishalielewa hili tangu miaka ya 1970. Walikuwa na kipindi ambacho mchezo ulichezwa kwanza, kisha wachezaji wakarudi studio kurekodi walichokuwa wakiwaza katika kila hatua, wakisema kana kwamba ndiyo kwanza wanafikiri: nikisogeza farasi hapa atanijibu vipi, mbona ameacha upande ule wazi, je, ni mtego? Mtazamaji aliuona ubao na kuzisikia sauti mbili zinazowindana. Mchezo wa saa kadhaa uliingia katika kipindi cha kama nusu saa. Kilichokatwa ni kungoja. Kufikiri kulibaki kwa ukamilifu wake, na ndiko kulikokuwa burudani yenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, Bobby Fischer alipokabiliana na Boris Spassky mjini Reykjavik kuwania ubingwa wa dunia, Wamarekani wengi walilifuatilia pambano hilo kupitia Shelby Lyman, mwalimu wa sataranji aliyesimama studio mbele ya ubao wa ukutani. Picha za mchezo wenyewe hakuwa nazo. Aliletewa hatua moja moja, akaibandika, akawauliza wageni wake inayofuata itakuwa ipi. Watu walikaa saa nyingi wakikisia. (Fischer mwenyewe alizichukia kamera hivi kwamba mchezo wa tatu ulihamishiwa chumba kidogo cha nyuma, mbali na watazamaji. Wanaotaka kumvalisha mchezaji vifaa mwili mzima walikumbuke hilo.)

Raha hiyo ya kukisia ndiyo tunayoiua leo kwa ule mstari mweupe na mweusi pembeni mwa skrini, unaoonyesha kompyuta inaona nani anashinda. Chukueni mchezo wa 14 wa pambano la ubingwa wa dunia kati ya Ding Liren na Gukesh mjini Singapore, tarehe 12 Desemba 2024. Ding alisogeza kete yake ya ngome katika hatua ya 55 na papo hapo mstari ukaanguka. Dunia nzima ikajua amekosea kabla Gukesh hajanyoosha mkono. Nakiri niliruka kitini. Lakini ni wangapi walioelewa kosa lilikuwa nini? Askofu wa Ding alikuwa amejibana kwenye pembe ya ubao. Ngome zikishabadilishana, yaani kila mmoja kula ya mwenzake, askofu yule hana pa kukimbilia, naye atabadilishwa, wanabaki wafalme na askari tu, Gukesh akiwa na askari mmoja zaidi. Dakika mbili za mchambuzi mzuri zinatosha kumweleza hayo mtu asiyejua kucheza, naye angetetemeka pamoja na Ding kwa sababu anayoielewa.

Siku moja niliufunika mstari huo kwa kipande cha karatasi wakati wanafunzi wangu wanatazama mchezo mubashara. Mwanzoni walilalamika. Baadaye walibishana dakika ishirini juu ya hatua moja, wengine wamesimama, na mtoto ambaye huwa hasemi kitu ndiye aliyeiona.

Kuhusu vipima moyo: namba ikipanda tunajua mchezaji ana wasiwasi, lakini hatujui ameona nini. Afadhali kile kibanda cha mashindano ya Norway Chess, ambapo mchezaji akitaka huinuka, akaingia peke yake na kuiambia kamera anachowaza huku mchezo unaendelea na mpinzani hasikii. Halazimishwi. Mashindano hayo hayo huwapa wachezaji mchezo wa kasi wakitoka sare, na hilo sina ugomvi nalo, kwa kuwa mchezo kamili umeshachezwa.

Ombi langu kwa kituo chochote kinachofikiria kuanza ni kwamba kifupishe kipindi na kisiguse saa ya wachezaji. Wapewe muda wao wote. Siku ya pili waitwe wasimulie, picha ikatwe kwa kufuata simulizi lao, na hukumu ya kompyuta ifichwe hadi mtazamaji apate nafasi ya kusema, "Mimi ningecheza hivi." Kipindi kama hicho kikirushwa hewani, mimi na wanafunzi wangu tutakuwa mbele ya skrini kabla hakijaanza.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa sataranji