Anzia ukurasa wa 91

Swahiba Idi,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Unaona, barua za shuleni hazijanitoka.) Nimepata ujumbe wako kwamba Vita na Amani, ile riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy, imekushinda kwenye ukurasa wa 90, umeirudisha kabatini, na sasa kila ukipita hapo unageuza uso kama unayemkwepa anayekudai. Nimecheka sana, kwa sababu mimi ilinishinda mara tatu.

Kosa langu, na nahisi ndilo litakalokuwa lako, ni kwamba kila niliporudi nilianza upya. Ile tafrija ya Anna Pavlovna ya Julai 1805, inayofungua kitabu, nimeihudhuria mara tatu, nawajua wageni wake kuliko majirani zangu. Na hapo ndipo pagumu kuliko pote: watu wanaingia kwa mkupuo, Kifaransa kinamwagika, na hakuna anayekuambia yupi wa kumkumbuka na yupi ni wa kupita tu. Anayeanza upya kila mara anabaki mlangoni. Safari ya nne sikurudi nyuma. Niliendelea pale nilipoishia, nusu ya watu nimeshawasahau, na siku chache baadaye wakaanza kujitambulisha wenyewe.

Unasema huna muda. Nakuamini. Muda wa kusoma kurasa zaidi ya elfu moja hakuna aliye nao, kwa hiyo usiutafute. Tafuta muda wa sura moja. Zipo 361 na nyingi ni fupi, kurasa tatu, nne, tano. Sura moja kwa siku, mwaka hautaisha kabla hujamaliza. Na usidhani huo ni ujanja wa wavivu. Wasomaji wa kwanza kabisa hawakulishika tofali hilo lote mkononi: Tolstoy alianza kuitoa vipande vipande jaridani mwaka 1865, na riwaya nzima haikutimia hadi 1869. Walisoma, wakaenda shughuli zao, wakangoja.

Sura yangu niliisoma asubuhi kabla sijaigusa simu. Usiku nilijaribu, nikawa nasinzia nacho, na kitabu hicho kikikuangukia usoni ndipo utakapojua uzito wa fasihi. Kuna wakati zilipita wiki mbili sijasoma hata mstari. Sikujihesabia deni. Nilifungua siku ya kumi na tano kana kwamba ni kesho yake.

Majina nayo yasikutishe. Kila Mrusi ana jina lake, la baba yake, la ukoo, na juu yake la kudekezwa nyumbani. Natalya Ilyinichna ndiye Natasha huyo huyo. Niliandika koo tano kwenye kadi, Bezukhov, Bolkonsky, Rostov, Kuragin na Drubetskoy, na watu wa kila ukoo chini yake, nikaitumia kuwekea alama nilipofika. Ikachakaa mapema, lakini nilikuwa siihitaji tena.

Sasa hamu. Hapo sitakudanganya, haikuja haraka. Yangu ilikuja pale kijana Nikolai Rostov anapokaa kucheza karata na Dolokhov. Baba yake, ambaye mambo yake ya fedha hayako sawa, ametoka kumpa rubli 2,000, naye ameahidi kwa heshima yake kwamba hataomba nyingine hadi majira ya kuchipua. Dolokhov ameshajipangia kimoyomoyo kwamba mchezo hautaisha mpaka deni lifike 43,000, kwa kuwa 43 ndiyo jumla ya umri wake na wa Sonya, msichana aliyemkataa kwa kumpenda Nikolai. Nikolai hana habari. Anaitazama tu mikono ya mwenzake inayogawa karata, mipana, yenye nywele, na hawezi kuinuka. Mimi niliyekuwa sijawahi kucheza kamari maishani nilikuwa namwambia kwa sauti, inuka wewe, nenda nyumbani! Halafu anakwenda nyumbani kweli, ameangamia, anamkuta dada yake Natasha anaimba, na kwa muda wa noti moja tu ya wimbo deni, heshima na huyo Dolokhov vyote vinakuwa upuuzi. Kisha wimbo unakwisha, na baba anarudi nyumbani.

Asubuhi hiyo sura moja ikawa nne. Kazini nilifika nimechelewa, na sababu niliyotoa haikuwa hiyo.

Yapo ya kuvumilia pia. Mzee Tolstoy akianza kuwagombeza wanahistoria utatamani umshike mkono umwambie tumekuelewa. Sehemu ya pili ya tamati haina hadithi kabisa, ni hoja tupu juu ya uhuru wa mtu na nguvu zinazoendesha historia. Niliipitia mbio mbio na sioni haya. Lakini Borodino, yale mapigano makubwa na jeshi la Napoleon, usiiruke kwa kudhani vita vitakuchosha. Pierre Bezukhov, ambaye si askari, anatangatanga katikati ya mizinga na kofia yake nyeupe, haelewi kinachoendelea, anawazuia watu njia. Kwa sisi tusiojua mambo ya majeshi, huyo ndiye mwenzetu.

Basi kitoe kabatini leo. Ukurasa wa 91, Idi, si wa kwanza. Huko mbele, kitambo kidogo baada ya hizo karata, kuna mwaloni mzee kando ya barabara, na Andrei Bolkonsky anaupita mara mbili. Zaidi ya hapo sisemi. Ukiufikia niandikie, hata iwe saa nane za usiku.

Wako,
Faraji