Mbinguni ni kukaa na Mungu

Mhariri,

Kwenye mazishi wahubiri wengi husoma Yohana 14:2, "makao mengi", wakaishia hapo. Uzito uko mstari wa 3: Yesu anawachukua walio wake ili alipo yeye, nao wawepo. Ukiuruka, wafiwa wanabaki na majumba yasiyo na mwenyeji.

Ufunuo 21 unafafanua vizuri mno. Mji mtakatifu, Yerusalemu mpya, unashuka kutoka mbinguni. Urefu, upana na kimo ni sawa, stadia 12,000 (kipimo cha kale cha umbali). Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Sulemani alimokaa Mungu, palikuwa na umbo hilohilo, dhiraa 20 kila upande (1 Wafalme 6:20), na kuhani mkuu aliingia siku moja tu kwa mwaka. Sasa mji mzima ni chumba hicho, ndiyo maana hauna hekalu.

Wahubiri, msikomee kwenye barabara ya dhahabu. Someni mpaka 22:4, watu wa Mungu watakapouona uso wake.

Mwalimu wa katekesi,
Iringa