Barua ya wazi kwa Balozi wa Uingereza jijini Nairobi: amana ya Banaba iko mezani kwenu

Mheshimiwa Balozi,

Nakuandikia juu ya kisiwa cha Banaba, ambacho serikali yako ilikiita Ocean Island, na juu ya amana yake, yaani mali ya wenyeji iliyoshikwa na serikali yako kwa niaba yao. Kiko Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo tu ya ikweta, mstari ule ule unaopita Nanyuki na Maseno. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 6 hivi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa kambi ya wachuma chai, na kilichonivuta kwa Wabanaba ni hesabu moja: 999.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hapa Kenya mashamba ya kukodi kwa miaka 999. Marehemu baba alichuma chai kwenye shamba la namna hiyo. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza miaka hiyo ingeisha lini. Akaanza kuhesabu vizazi kwa vidole. Vidole vikaisha, akarudi kwenye kikapu chake. Tulingoja hadi Katiba ya 2010 ndipo muda wa asiye raia ukapunguzwa kuwa miaka 99.

Wabanaba waliletewa 999 yao kabla yetu. Mwaka 1899, katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney, Albert Ellis alilitilia shaka jiwe lililokuwa likizuia mlango. Lilikuwa limetoka kisiwa jirani cha Nauru, na watu walidhani ni kipande cha mti uliogeuka jiwe. Alipolipima akakuta ni fosfeti safi, madini ya kutengenezea mbolea. Mei 1900 akashuka Banaba na karatasi ya mkataba: kampuni ingechimba fosfeti ya kisiwa kizima kwa miaka 999, na wenyeji wangelipwa pauni 50 kwa mwaka. Aliyewekwa kwenye karatasi hiyo kama mfalme hakuwa mfalme. Banaba haikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kutoa ardhi ya wengine. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe.

Kuna maneno machache katika mkataba ule ambayo sijaweza kuyapita. Pauni 50, au bidhaa za thamani hiyo. Anayedaiwa ndiye mwenye bidhaa, na ndiye anayezileta kwa meli yake mahali pasipo na mshindani. Nalijua duka la namna hiyo. Kwenye kambi tuliyokulia, mama alichukua unga na mafuta ya taa kwa daftari, na mwisho wa mwezi mshahara ulifika nyumbani ukiwa umeshakatwa. Sijawahi kumwona mama akibishana na daftari lile, kwa sababu hakujua kusoma. Kwa hiyo ninaposoma juu ya pauni 50 za Banaba, naona mkono wa mama ukipokea karatasi.

Mheshimiwa, msiseme hayo yalikuwa mambo ya kampuni. Mwaka 1908 makao ya utawala wa Kiingereza wa visiwa vya Gilbert na Ellice (leo Kiribati na Tuvalu) yalihamishwa kutoka Tarawa yakapelekwa Banaba, penye mgodi. Kodi ya fosfeti ikabeba sehemu kubwa ya matumizi ya utawala wa visiwa vyote vile. Mwaka 1920 serikali za Uingereza, Australia na New Zealand zikainunua kampuni kwa pauni milioni 3.5 na kugawana fosfeti: asilimia 42, 42 na 16. Mbolea iliuzwa kwa wakulima wa nchi hizo kwa bei ya gharama, si ya soko. Nafuu ya mkulima wa Australia ilitoka kwenye shamba la Mbanaba.

Wabanaba walipokataa kutoa ardhi zaidi, ikatungwa sheria ya kuichukua kwa nguvu, mwaka 1928. Kamishna Mkazi, yaani mtawala wa Kiingereza wa visiwa hivyo, Arthur Grimble, aliwaandikia watu wa kijiji cha Buakonikai barua ya vitisho, akiwaambia kwamba suala hilo ni la uhai na kifo. Mwaka 1931 ekari 150 zikachukuliwa. Minazi ikang'olewa, na udongo ukakombwa hadi ikabaki miamba iliyosimama kama meno. Kisiwa hakina mto. Wakati wa ukame watu waliishi kwa maji ya mapango waliyoyaita bangabanga, ambayo wanawake peke yao ndio walioingia kuyateka.

Kisha vita. Wajapani walikiteka kisiwa mwaka 1942, wakawatawanya wenyeji Nauru, Tarawa na Kosrae. Vita vilipokwisha, serikali yako haikuwarudisha kwao. Tarehe 15 Desemba 1945 Wabanaba 703 walishushwa Rabi, katika visiwa vya Fiji, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka nyumbani, wakalala kwenye mahema wakati wa msimu wa vimbunga. Rabi yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwa fedha zao wenyewe za fosfeti. Huku nyuma uchimbaji uliendelea hadi 1979.

Walikwenda mahakamani London. Kiongozi wao Rotan Tito na wenzake waliieleza mahakama kwamba Taji, yaani serikali ya Uingereza, lilishika mali yao kama amana. Jaji Megarry alisikiliza kwa zaidi ya siku 200, akasafiri hadi visiwani kujionea. Novemba 1976 akaamua kwamba amana ilikuwepo, ila ni amana ya kiserikali, ya aina ambayo jaji hana uwezo wa kuilazimisha. Akamtaka Mwanasheria Mkuu aifikishie serikali makosa makubwa aliyoyaona. Baadaye zikatolewa dola za Australia milioni 10, bila serikali kukiri kuwa ina wajibu wowote.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mahakama haikuifuta amana. Ilisema anayedaiwa ni serikali, na ni serikali peke yake inayoweza kujibu. Ndiyo maana barua hii haiendi kwa wakili. Inakuja kwako, Mheshimiwa, mwakilishi wa serikali hiyo.

Na serikali yako inajua namna ya kujibu. Juni 2013 William Hague, waziri wenu wa mambo ya nje wakati huo, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya dhati kwa mateso waliyopata wazee wetu enzi za Mau Mau, na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa walalamishi 5,228 pamoja na gharama za kesi. Hayakutosha, nami nimekaa na wazee waliokufa wakisema hayakutosha. Lakini yalitamkwa bungeni, yakaandikwa.

Naomba uipelekee London maombi haya. Serikali itamke bungeni kwamba ilishika amana ya Wabanaba na ikaivunja. Barua, ramani na vitabu vya hesabu vya fosfeti, popote vilipo, vifunguliwe na vitafsiriwe kwa Kigilbert, lugha yao, ili mtu wa Rabi asome kilichoandikwa juu ya shamba la babu yake. Na watu wapatao 300 wanaoishi Banaba leo wapatiwe maji safi ya kudumu, kabla ya jambo lingine lolote.

Ukinijibu, nitalisoma jibu lako mbele ya wanafunzi wa shule niliyofundisha, tukiwa na ramani ya Pasifiki ukutani.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Kericho