Wiki nne tu? Barua kwa mwanangu anayesomea lori Ohio

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mama yako mara moja tu akaenda zake jikoni. Hongera kwa hiyo pemiti ya kujifunzia lori, nimeshawatambia jamaa wote wa kijiweni. Ila uliposema shule ni wiki nne, usingizi ukanikata.

Wiki nne baba, na tela lote lile? Unasema tangu Februari 2022 lazima upite shule iliyosajiliwa serikalini, nadharia upate angalau 80 kwa mia, sawa. Lakini si wewe mwenyewe umesema hiyo sheria ya nchi nzima haikupanga masaa ya kushika usukani, mwalimu akiona umeiva anakuingiza kwenye mtandao wa serikali basi unaenda mtihani. Je kama ana haraka, kuna foleni ya wengine nje wanangoja? Usikubali akuandike umeiva na wewe unajijua bado mbichi.

Leseni yangu ya kwanza niliijua sura ilipoletwa na mtu kwenye bahasha, tuyaache hayo. Ya mteremko wa Kitonga unayajua, sirudii, ila hili sijawahi kukwambia: utingo aliniuliza upepo wa breki unasoma ngapi na mimi tangu Iringa nilikuwa sijaangalia geji.

Kwa hiyo hilo somo la breki za upepo mng'ang'anie mwalimu mpaka akuchoke. Gari limekaa flati na tairi zimewekewa vizuizi, injini imezimwa, umeachia breki ya kuegeshea, kanyaga ushikilie dakika moja nzima kwa saa sio kwa kukisia, kwa gari lenye tela geji ya upepo isishuke zaidi ya psi 4. Siku ya mtihani utalifanya mbele yao, mimi nataka ulifanye na siku ambayo hakuna anayekuangalia.

Na hizo siku 14 za kukaa na pemiti kabla ya mtihani, kwani nani kasema siku ya 15 lazima uwe umeshafika pale? Ngoja hata mwezi. Halafu eti utafanyia kwenye gari la otomatiki, leseni iandikwe huruhusiwi gia za mkono, mtoto wa dereva wewe! Hapo umeniangusha kidogo, ila kama ndo gari walilonalo sina neno.

Hela ya bati za jikoni usitume mwezi huu, lipia masomo ya ziada ya kurudi nyuma na tela. Mvua bado, na mama yako kahamishia mafiga kule kwenye banda la kuku, kuku wenyewe wamebaki wanne. Dada yako anasema ile chaja imeungua.

Ukienda darasani kesho nipigie picha ya hiyo geji niione, ikiwa umekanyaga.

Baba yako